Kazi Zilizokwama Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na vijiji vya katikati: mwenye nyumba isiyopigwa plasta, mwenye kitambaa kilichokatwa kikabaki bila kushonwa, aliyebakiza mtihani mmoja, na yule ambaye shamba lake bado liko kwa jina la babu. Majibu yote yanatoka katika imani moja: kazi iliyokwama ina mahali ilipokwama, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole. Ukishapaona, hamu ya kumaliza hurudi.

Je, tatizo langu ni uvivu?

Hapana, na ningependa uliache neno hilo leo. Mtu anayeamka saa kumi na moja kuwahi matatu ya Kondele, akashinda dukani hadi jioni, akarudi kupika na kukagua kazi za watoto, haitwi mvivu kwa sababu mlango wa bafu umekaa mwaka mzima bila bawaba. Kujilaumu hakujawahi kufunga bawaba. Kunakufanya tu uupite mlango ule bila kuutazama.

Badala yake, simama mbele ya kazi yenyewe ujiulize: nikiambiwa niendelee dakika hii, mkono wangu utashika nini kwanza? Ukijibu "msasa" au "futi", kazi haijakwama, imekosa saa tu. Ukijibu "inategemea", tulia hapo, kwa maana ndipo ilipokwama. Inategemea nini? Pesa? Mtu mwingine? Kifaa ulichoazima jirani? Hofu ya kuharibu? Mara nyingi ni uamuzi ambao haujafanywa, na uamuzi hujificha sana nyuma ya pesa. Familia nyingi husema hazina pesa ya sakafu, kumbe ukweli ni kwamba baba anataka vigae na mama anataka simiti yenye oksaidi nyekundu, na hakuna aliyelitamka jambo hilo mezani.

Kwa nini naanza na moto mwingi, kisha katikati nazimika?

Mwanzo una msukumo wake, na mwisho una wake. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Clark Hull wa Marekani aliandika kwamba panya kwenye njia ya maabara huongeza mwendo kadiri wanavyokikaribia chakula. Binadamu tuko hivyo hivyo: tukiona mwisho uko karibu, tunakaza mwendo. Taabu iko katikati, ambapo mwanzo umeshasahaulika na mwisho hauonekani.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2006 ambalo nalipenda kwa sababu lilifanyika mahali pa kuoshea magari. Wateja walipewa kadi za kupigwa muhuri kila wanapoosha gari, na mwisho wake gari huoshwa bure. Kundi moja lilipewa kadi yenye nafasi 8 tupu. Kundi la pili lilipewa kadi yenye nafasi 10, lakini 2 tayari zimepigwa muhuri. Wote walihitaji kuosha mara 8. Katika kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, katika la pili asilimia 34. Tofauti ilikuwa kuona kwamba safari imeshaanza.

Kwa hiyo, unapoandika yaliyobaki, anza kwa kuandika yaliyokwisha. Kama ni nyumba, andika: kiwanja kimepimwa, msingi umemwagwa, kuta zimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Halafu chini yake andika yanayofuata. Mtu anayesoma tu orodha ya upungufu anajiona yuko sifuri, na hayuko sifuri.

Nisubiri hadi nipate motisha?

Usisubiri. Hamu huja baada ya mkono kuanza, na kwa wengi huja ndani ya dakika chache.

Mwaka 1928 Maria Ovsiankina, aliyefanya utafiti Berlin, alionyesha kwamba watu waliokatizwa kazi katikati huirudia wenyewe wakipata nafasi, hata bila kuambiwa. Hilo litumie. Usipomaliza leo, acha kazi ikiwa wazi na rahisi kuishika: sindano ikiwa kwenye kitambaa, ubao ukiwa umeshachorwa mstari wa kukatia, daftari likiwa limefunguliwa kwenye swali ulilolianza. Vifaa vikirudishwa kwenye gunia, gunia likasukumwa chini ya kitanda, umeijengea kazi ukuta.

Jambo la pili ni kuifunga kazi kwenye tukio ambalo litatokea hata ukiwa umechoka. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mpango wa namna ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. "Nitamalizia kabati" ni nia. "Jumapili tukitoka kanisani, kabla sijavua viatu, napitia Kibuye kununua bawaba mbili" ni mpango. Soko la Kibuye huchangamka sana Jumapili, kwa hiyo kwa mtu wa Kisumu mpango huo una miguu. Wa Nakuru atajipangia kwa siku anayokwenda Top Market.

Nyumba yetu ya mashambani imesimama kwenye linta miaka sasa. Tufanye nini?

Hili ndilo swali linalokuja zaidi kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza, kagua kilichopo kabla ya kuongeza hata tofali moja. Ukuta usio na paa hunyeshewa kutoka juu, na maji yakiingia kwenye viungo hula mota taratibu. Kama matofali hayakuchomwa vizuri, safu za juu zitakuwa zimelainika, nazo zibomolewe. Nondo zilizoachwa zikichungulia hushika kutu. Kutu nyepesi huondolewa kwa brashi ya waya, lakini nondo iliyokonda au inayomeguka maganda aiangalie fundi anayejua kazi. Kwa walio kwenye uwanda wa Kano, kuanzia Nyamasaria kwenda Ahero, tazama msingi pia: udongo mweusi wa huko huvimba ukinywa maji na hupasuka ukikauka, na nyufa zenye umbo la ngazi ukutani ni dalili ya mchezo huo.

Pili, chagua mahali pa kusimama. Pesa za familia nyingi huja kwa vipindi, kwa hiyo nyumba itasimama tu mara kadhaa, na hakuna aibu hapo. Unaweza kusimama baada ya msingi na sakafu ya chini, ukakaa msimu mzima bila hasara kubwa. Unaweza kusimama baada ya paa, hata kama madirisha bado. Kusimama kwenye linta wakati mvua ya Machi hadi Mei inakuja ndiko kunakoharibu. Kama pesa zilizopo zitakufikisha kwenye linta tu, mimi ningezikusanya nisubiri zifike za paa, na kwa sasa nifunike vichwa vya kuta kwa safu nyembamba ya mota au karatasi ya nailoni iliyokazwa kwa mawe.

Tatu, angalia pesa ndogo unazigeuza kuwa nini. Mabati, misumari na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zikihifadhiwa mahali pakavu, hukungoja. Simiti haikungoji. Mfuko wa kilo 50 huanza kupoteza nguvu kadiri unavyokaa, na mafundi wengi hawataki kuutumia ukipita miezi 3. Kwa unyevu wa Kakamega au Vihiga huganda mapema zaidi ukiwekwa chini sakafuni. Wanaonunua mifuko kidogo kidogo ili kujilazimisha kujenga huishia na mawe yenye umbo la mfuko. Nunua simiti wiki ya kazi.

Nne, maliza chumba kimoja. Paa likishapanda, peleka nguvu zote kwenye chumba kimoja chenye mlango, dirisha, plasta na sakafu, kisha mtu alale humo. Nyumba inayolaliwa hudai kumalizwa kila siku, na kila anayekuja kulala ataona kinachokosekana. Vyumba vinne vya nusu nusu havidai chochote kwa mtu.

Kuhusu majira: kwa sehemu kubwa ya magharibi, mwisho wa Desemba hadi Februari ndio ukavu unaoaminika zaidi. Ndiyo maana mafundi huwa adimu wakati huo, kila mtu amerudi nyumbani na kila mtu anajenga. Zungumza na fundi Oktoba. Na hata msimu wa mvua, Kisumu na Kakamega mvua hupenda kushuka alasiri na jioni, kwa hiyo plasta ya nje na rangi ya nje zifanywe asubuhi.

Fundi alichukua pesa na sasa hashiki simu. Nitawezaje kuwa na moyo tena?

Uchungu huo ni wa kweli, na watu huacha nyumba nzima kwa ajili yake. Usimruhusu akuchukulie na nyumba pia.

Ukianza upya, nunua vifaa mwenyewe na ulipe ufundi kwa hatua inayoonekana. Sema wazi: "Fundi, tukifika kwenye hatua hii na hii, unapokea kiasi hiki." Andikeni kwenye daftari, kila mmoja atie sahihi, na pesa zipite kwenye simu ili kumbukumbu ibaki. Bakiza sehemu ya mwisho hadi milango ifunge na maji yasivuje. Fundi mwema hakatai mpango huo.

Lakini upande wa pili nao usemwe. Mafundi wengi waliopotea walipotea kwa sababu mwenye nyumba aliwaacha siku tatu bila mchanga, au aliwaambia "njoo Jumatatu" akiwa hana pesa ya Jumatatu. Fundi ana watoto, atakwenda kwenye mjengo mwingine, na huko atashikwa na kazi. Kabla ya kumwita, hakikisha vifaa vya siku zote za hatua hiyo viko uwanjani, na mlipe jioni ileile mliyokubaliana. Mwenye nyumba anayelipa kwa wakati hupata fundi hata Desemba.

Kila mara nakadiria muda na kila mara nakosea. Kwa nini?

Kwa sababu unakadiria siku ambazo kila kitu kimekwenda sawa. Wanafunzi wa chuo kimoja Kanada waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi, na wastani wa ukweli ukawa kama siku 55. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994. Ukumbi wa opera wa Sydney ulitarajiwa kukamilika mwaka 1963, ukafunguliwa 1973, na gharama ikapanda kutoka dola milioni 7 za Australia hadi milioni 102. Waliokadiria walikuwa wataalamu.

Dawa ninayoiamini ni kuacha kuuliza "itachukua muda gani?" na kumuuliza jirani "yako ilichukua muda gani?" Jirani aliyechimba choo mwaka jana anakumbuka mwamba aliougonga, mazishi yaliyosimamisha kazi wiki mbili, na pesa ya ada ya shule iliyokula ya mabati Januari. Mambo hayo hayamo kwenye makadirio ya mtu yeyote, na yote yatakukuta.

Nina kazi kumi zilizokwama. Nianze na ipi?

Ile inayokuumiza kila siku, na kama hakuna, iliyo karibu zaidi kuisha. Paa linalovuja hutangulia. Baada ya hapo, moja tu iwe wazi kwa wakati mmoja, na usianze mpya.

Kikwazo changu ni pesa tu. Motisha itanisaidia nini?

Tenganisha kazi inayokula pesa na isiyokula. Kupima dirisha, kukwangua rangi ya zamani, kuchambua mbao zilizobaki, kuuliza bei katika maduka matatu, kupanga mchoro wa waya za stima: haya yote hayana bei, na yakishafanywa unajua unahitaji kiasi gani hasa. "Nyumba inataka pesa nyingi" ni mzigo usiobebeka. "Mlango wa nyuma unataka fremu, bawaba tatu na kitasa" ni jambo la chama cha mwezi mmoja.

Pesa ya kazi ikae mbali na pesa ya chakula. Wengine huiweka kwenye chama, wengine kwenye akiba ya simu inayofungwa hadi tarehe fulani. Wapo wanaoacha pesa kidogo kidogo kwa mwenye hadiwea hadi zifike bei. Hili linafaa kwa kitu kimoja na kwa muda mfupi, ukiwa na risiti kila mara. Kwa pesa nyingi za muda mrefu silishauri, duka likifungwa huna pa kudai.

Shamba bado liko kwa jina la babu aliyefariki. Kila mtu analijua na hakuna anayeligusa.

Hapa kazi imekwama kwa hofu ya ugomvi, na kila mwaka unaopita huongeza warithi na hupunguza mashahidi. Ndiyo maana naiweka mbele ya plasta na rangi.

Njia yenyewe ni ndefu lakini inajulikana. Mnahitaji cheti cha kifo, matokeo ya utafutaji rasmi wa ardhi kutoka masjala, na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Kisha ombi hupelekwa mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, bila kwenda Mahakama Kuu. Tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hapo msimamizi wa mirathi hupewa hati yake, na kwa kawaida uthibitisho wa mgawanyo huombwa miezi 6 ikishapita. Ndipo masjala ya ardhi hubadilisha majina. Kama babu na baba wote wamefariki, anzeni na babu.

Faili nyingi hukwama kwa sababu mabinti walioolewa waliachwa nje. Sheria haimtofautishi binti na mwana, aliyeolewa au asiyeolewa, na mahakama itauliza waliko. Waiteni shangazi mapema, kwa heshima, kabla ya kwenda kwa chifu. Kikao cha kwanza kisiwe cha kugawa. Kiwe cha kuhesabu nani yuko hai, nani alizaa nani, na nani ana karatasi gani. Watu wanaoogopa kikao cha kugawa huja kwenye kikao cha kuhesabu, na kazi inakuwa imeanza.

Nilibakiza mtihani mmoja wa kozi, kisha mtoto akazaliwa. Bado inawezekana?

Inawezekana, ila hatua ya kwanza si kusoma. Ni kuuliza chuo au bodi husika kama usajili wako bado uko hai na ada iliyobaki ni kiasi gani. Watu hununua vitabu upya, wakachoka, kabla ya kujua mlango uko wazi au umefungwa. Ukijua, tafuta saa moja ambayo nyumba imelala, na waambie wa nyumbani ni saa yako. Kwa wengi ni alfajiri, kwa sababu usiku mwili umeshatumika.

Ushonaji na ufumaji wa vitambaa hauhitaji saa inayolindwa hivyo. Uweke karibu na unapokaa jioni, utasonga wenyewe.

Mume wangu hukasirika nikimkumbusha. Nimwambieje?

Swali la "utamaliza lini?" humfanya mtu ajitetee. Jaribu: "Baba watoto, ile gata ilikwama wapi hasa?" Hapo anaulizwa kama mtu anayeijua kazi, na mara nyingi jibu ni dogo kuliko mlivyodhani wote: ngazi iko kwa jirani, au hajui bomba la saizi gani, au anaona aibu kwamba hajui. Ngazi unaweza kuirudisha wewe. Vivyo hivyo kwa mume anayemuuliza mke kuhusu cherehani iliyofunikwa. Uliza mkiwa mmekula, na usiulize mbele ya wageni.

Je, ninaruhusiwa kuiacha kazi kabisa?

Ndiyo. Wazee husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nami naheshimu msemo huo mtu anapokuwa amewaahidi wengine. Lakini kazi uliyojiahidi mwenyewe miaka minane iliyopita, ukiwa na maisha mengine, si deni la kufa nalo. Tunashikilia kwa sababu ya pesa zilizokwisha kwenda. Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walilionyesha hilo mwaka 1985: walionunua tikiti za msimu wa maigizo kwa bei kamili walihudhuria zaidi, angalau mwanzoni, kuliko waliopunguziwa bei, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale. Pesa iliyokwenda imekwenda. Swali ni kama, kuanzia leo, kazi hii inastahili jasho linalobaki.

Ukiamua kuiacha, iache wazi. Banda la kuku ambalo hutalimaliza, uza waya na mbao, mpe kijana wa jirani mawe yaliyobaki, fagia mahali pale. Ukiamua kutoiacha ila si sasa, ipe tarehe na hatua ya kwanza kwenye karatasi. Utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011 ulikuta kwamba mpango mahsusi peke yake hupunguza namna kazi isiyomalizika inavyokusumbua akilini, hata kabla hujaifanya.

Nimebakiza vitu vidogo tu, na vimekaa miezi. Nitavimalizaje?

Vitu vidogo vya mwisho ni kazi kamili, vipewe siku yake. Vifuniko vya swichi, vishikio vya droo, silikoni kando ya sinki, simiti iliyomwagika kwenye vigae, rangi ya mlango kwa ndani. Tembea chumba kwa chumba ukiwa na karatasi, andika kila kimoja kwa jina lake, kisha nunua vyote kwa safari moja ili usikwame kwa skrubu. Plasta mpya iache ikauke kama wiki 4 kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo itabanduka na kazi itafunguka tena.

Kabla ya kuanza siku hiyo, semeni pamoja chumba kitahesabiwa kimeisha kikiwa vipi, kwa maana kila nyumba ina mtu ambaye kwake hakiishi kamwe. Rangi iliyobaki, funga kopo vizuri, andika juu ya kifuniko jina la chumba, namba ya rangi na duka ulikonunua. Ukuta ukichubuliwa na kiti, utajua pa kuanzia.